Kisarawanda cha Chausiku

Temeke, masika ya mwaka 1954

Jumatatu, 1 Machi

Leo Mwishehe ameniamkia. Miaka ishirini na miwili tunapishana njiani, yeye anatazama minazi ya upande wake na mimi natazama ya upande wangu, na leo amesimama mbele ya baraza yangu, amekunja mwavuli, amesema shikamoo. Nilichelewa kuitika. Nilidhani kuna msiba.

Hakuna msiba, kuna harusi. Dada yake, yule Chausiku aliyeko Kimbiji, anamwoza bintiye Zuena kwa Bakari wa mzee Jabiri, hapa hapa Temeke, mwisho wa mwezi wa Mlisho kabla watu hawajaanza kufunga. Na anataka kungwi wa mwanawe niwe mimi.

Nilimwuliza kama amesikia vizuri alichotumwa. Akasema amesikia. Nikamwuliza kama dada yake mzima wa akili.

"Mie nimetumwa tu, Bi Mwanaheri," akasema. "Kaniambia nisirudi bila jibu."

Nimekubali. Kisha nikaenda dukani kwa Mhindi nikanunua daftari hili. Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, ili mpangaji wangu Eufrazia asiweze kusoma. Yeye anajua zile za misheni tu. Haya siwezi kumwambia mtu, na kuyabeba kimya nimechoka.

Jumatano, 3 Machi

Eufrazia amerudi kanisani na jivu kwenye paji la uso. Nikamwuliza kama leo moto ameuchochea kwa kichwa. Akacheka, akasema Kwaresima imeanza, siku arobaini hali nyama. Nikamwambia nyama yenyewe mumewe Romani haleti, kwa hiyo mwaka mzima kwake ni Kwaresima. Tukacheka wote wawili, ingawa mzaha wenyewe ulikuwa na mwiba.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimeamua kuandika yale ya mwaka wa thelathini na mbili, nisije nikajidai nimesahau.

Kwetu msichana akiolewa, kungwi wake humtandikia kitandani kitambaa cheupe, ndicho kisarawanda. Alfajiri, bwana harusi akishatoka, kungwi huingia, hukitoa, na kukionyesha kwa wanawake waliokesha uani. Kikiwa na damu hupigwa vigelegele na mama wa bi harusi hubebwa juujuu. Kikiwa cheupe, hakuna anayepiga kitu.

Chausiku alikuwa na miaka ishirini, kama bintiye sasa. Alikuwa mwali wa kwanza niliyemfunda peke yangu, bila kungwi wangu Bi Mwajabu kunisimamia. Nilimpenda. Alikuwa mwepesi wa kushika, na akiimba sauti yake ilipita ukuta. Kisarawanda chake nilikishona pindo mwenyewe kwa uzi wa buluu, maana uzi mweupe uliniishia na duka lilikuwa limefungwa.

Alfajiri niliingia, nikakikuta cheupe kama kilivyotoka dukani. Aliniambia, "Somo, wallahi mie sijawahi." Nikamjibu kwamba nguo haisemi uongo.

Bi Mwajabu alikuwa ukumbini. Alipouona uso wangu alinivuta pembeni na kufunua kanga yake kidogo. Kwapani alikuwa na kifaranga. Akaninong'oneza kwamba kungwi mwema ana kuku. Nilimwangalia yule bibi aliyenifunda mimi mwenyewe, ambaye kwa miaka thelathini hakutoka mwali wake na nguo nyeupe hata mmoja, na mimi siku zote nilidhani ni ustadi wa kufunda. Nikamwambia siwezi kumdanganya Mungu. Nikatoka uani nikakishika kile kitambaa kwa mikono miwili, nikakiinua.

Watu wa mume waliondoka kabla jua halijachomoza. Baba yake Chausiku akafunga mlango wa mbele, na Chausiku akawa analala jikoni kwenye majivu. Mume alimwacha, na eda ilipokwisha akaozwa kwa mzee Hija wa Kimbiji, bila ngoma, kama mtu anayetoa mbuzi kilema. Mama yake akafa mwaka uliofuata. Watu walisema homa.

Na mimi? Mimi tangu siku ile sikukosa kazi. Wazazi wa waume walinitaka kutoka Mtoni mpaka Mbagala. Mwanaheri, kungwi asiyesema uongo.

Jumamosi, 6 Machi

Paa linavuja juu ya kitanda cha mwali. Nimetafuta makuti mapya.

Jumapili, 14 Machi

Wamekuja. Walivuka kwa pantoni wakatembea na matope mpaka magotini. Chausiku amekuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na jino la mbele halipo. Sikumjua mpaka aliponiita Somo. Ndivyo mwali anavyomwita kungwi wake mpaka kufa, hata akikosana naye. Nilitamani aniite kwa jina.

Hakuniambia mengi. Alikunywa maji, alisifu baraza, aliuliza nani anakaa chumba cha mbele. Zuena alikaa nyuma yake, macho chini, lakini nilimwona anazuia kicheko kwa sababu bata wa jirani alikuwa anamfukuza paka. Ana kicheko cha mama yake wa zamani.

Alipotaka kuondoka Chausiku alifungua kifurushi akanipa kitambaa kilichokunjwa. Akasema nimtandikie mwanawe hicho, nisinunue kingine. Nilikifungua baada ya yeye kufika barabarani. Kina pindo la uzi wa buluu.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Zuena ameingia ndani. Haonekani na mwanamume mpaka siku ya harusi.

Alhamisi, 18 Machi

Mwali huyu anauliza kila kitu. Wengine hukaa kama magunia, unawamwagia maneno. Huyu anauliza kwa nini mke aombe ruhusa ya kwenda kwa mamaye na mume asiombe. Nikamwambia hilo akamwulize kadhi. Ananisukia mkeka huku namfunda, vidole vyake haviachi kwenda.

Namfunda kama nilivyofundwa: usafi, kauli njema kwa mama mkwe, siri ya nyumba isitoke nje. Na ya chumbani pia, kwa adabu yake. Sisi hatuoni haya kumwambia mwali kwamba raha ya ndoa ni yake pia, si ya mume peke yake, na kwamba dini haikukataza bali iliiwekea mlango. Alinisikiliza bila kucheka. Kisha akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyemfunda mama yake.

"Alikuwa mwali mwema, Somo?"

Nikasema alikuwa bora kuliko wote. Akafurahi. Kumbe mama yake hajamwambia neno.

Jumanne, 23 Machi

Mvua. Matope. Mgongo.

Jumamosi, 27 Machi

Leo nimegombana na Eufrazia, na ni mtu ambaye sijawahi kugombana naye.

Yeye ni mkunga msaidizi kwenye zahanati ya wazazi. Ni Mmakua wa kusini, Mkristo, amefika hapa na Romani mumewe anayepakua meli bandarini. Alinikuta jikoni nachagua mchele. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama kwenye kazi yake amewahi kuona mwanamke asiyejua mwanamume na bado asitoe damu siku ya kwanza.

Akasema wapo wengi. Hakusita hata kidogo. Akasema wengine wametoka hivyo tumboni mwa mama zao, wengine ile sehemu inajinyoosha tu haichaniki, na kwamba daktari aliwaonyesha kwenye picha walipokuwa wanafundishwa. Alieleza huku ananisaidia kutoa mawe kwenye mchele.

Nikamwambia hayo ni ya Wazungu, na kwamba Wazungu hata bikira hawajali. Nikamwambia mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii na nguo haisemi uongo.

Akaweka ungo chini. "Nguo haisemi kitu, Bibi," akasema. "Wewe ndiye unayesema."

Nikamfukuza jikoni kwangu.

Jumapili, 28 Machi

Sikulala. Baada ya Chausiku walikuwapo wengine wawili. Mmoja aliachwa siku hiyo hiyo, akaenda kwao Kisarawe na sikusikia tena habari zake. Mwingine mumewe alimweka, lakini kila wakigombana alikuwa anamkumbusha mbele ya watoto. Wote wawili waliniapia. Wote wawili niliwajibu maneno yale yale.

Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza, walisema wazee. Lakini mimi sikuwa gizani. Mimi nilikuwa na watu watatu wananiambia kwa machozi, na sikutaka kusikia.

Jumatatu, 29 Machi

Nimempelekea Eufrazia maandazi. Amepokea.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua imekata kidogo, tumekaa uani na Eufrazia tunasukana. Nimemtania kwamba anaoga na kanga mwilini, nimemwona kwa nyufa za makuti, na mficha uchi hazai. Nilidhani atacheka. Badala yake akanieleza kwa nini.

Alipokuwa msichana kule kwao, bibi yake alimpeleka unyagoni kwa siri. Misheni ikapata habari. Jumapili tatu alipiga magoti mlangoni mwa kanisa, watu wakiingia na kutoka wanampita, na padri alimwambia mwili wake ameupa shetani. Alipoolewa na Romani alikuwa amesahau aliyofundwa na bibi, au alijilazimisha kusahau, na misheni ilikuwa haikumwambia chochote cha kuweka mahali pake. Aliingia chumbani kama mtu anayepelekwa kutobolewa jipu. Mpaka leo taa huzimwa kwanza. Romani ni mtu mwema lakini siku hizi analala Keko, kwa mwanamke anayecheka. Eufrazia hamlaumu. Anasema ni msalaba wake.

Nilitaka kumwambia njoo nikufunde, umri si kitu. Sikusema. Nani amenipa mimi haki ya kumfunda mtu tena?

Akamaliza mstari wa mwisho wa nywele zangu akasema, "Kwenu mnafundisha kila kitu, halafu mnapima. Kwetu hawafundishi kitu, halafu wanauliza."

Jumatano, 7 Aprili

Zuena ana homa. Nimempa mwarobaini, ameutapika kwenye ndoo na kucheka.

Ijumaa, 9 Aprili

Homa imeshuka. Nimekaa naye mchana kutwa. Mara tatu nilifungua mdomo kumwuliza lile swali ambalo kila kungwi humwuliza mwali wake, kama ni mzima bado. Mara tatu nikauliza kitu kingine. Mwisho nimejua kwa nini: sitaki kujua. Akisema ndiyo, kitambaa kinaweza kutoka cheupe vilevile. Akisema hapana, bado ni huyu huyu anayenisukia mkeka. Kwa umri huu ndiyo kwanza nafikiri hivi, na naogopa.

Jumapili, 11 Aprili

Leo tumepiga ngoma ya mwali, ndogo tu, wanawake wa mtaa. Eufrazia ametoka chumbani na tawi la mnazi alilopewa kanisani, akasimama mlangoni anatazama. Mara mguu wake ukaanza kupiga chini wenyewe. Ngoma za kwao na zetu si moja lakini mguu haukujali. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa wazi namna ile.

Katekista Leonardi alikuwa anapita barabarani na mwavuli wake. Alisimama, akamwona, akaendelea na safari.

Jumanne, 13 Aprili

Leonardi amekuja. Ni mtu wa heshima, aliniamkia vizuri, akakataa chai kwa sababu ya mfungo wao. Aliongea na Eufrazia barazani, mlango wazi, nami sikuziba masikio. Alimwambia hawezi kupokea Pasaka akiwa anakaa kwenye nyumba ya unyago. Hakumtukana. Alisema kwa huzuni ya kweli, kama daktari anayemwambia mtu mguu utakatwa. Nilitaka kumchukia, nikajiona mimi mwenyewe uani, na kitambaa mikononi, nikiwa na hakika ile ile.

Alhamisi, 15 Aprili

Eufrazia amehama. Romani alikuja na mkokoteni kuchukua kitanda na sanduku. Amepata chumba Kurasini, kwa Wakristo wenzake. Nilimwuliza kama ni lazima. Akasema, "Bibi, ninachokula pale altareni ndicho pekee nilichobakiwa nacho." Ameniachia sufuria yake ya kuchemshia maji na chupa ya iodini.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka yao. Chumba cha mbele kitupu. Nimepika wali wa watu wanne kwa mazoea.

Jumanne, 20 Aprili

Nimenunua jogoo mdogo kwa mtu wa Mtoni. Nimemfunga mguu jikoni. Zuena ameuliza ni wa nini, nikasema wa mchuzi.

Namfikiria Bi Mwajabu. Tangu siku ile ya thelathini na mbili nilimdharau mpaka alipokufa. Nilikwenda mazikoni kwake kwa ajili ya watu. Siku zote alifuga kuku, uani kwake hapakanyagiki kwa kinyesi, na hakuna aliyemwona akila mayai.

Jumamosi, 24 Aprili

Kideri kimeingia. Kuku wa mtaa mzima wanakufa, wanageuza shingo na kuanguka. Jogoo wangu amekufa adhuhuri. Nimeuliza mpaka kwa Wangoni wa kule nyuma. Hakuna mwenye kuku mzima.

Jumatatu, 26 Aprili

Chausiku amefika kwa ajili ya harusi, amelala chumba cha Eufrazia. Nilimfuata jioni anapooshea vyombo. Nikaanza, Chausiku, kuna jambo nimeambiwa na mkunga. Hakugeuka.

"Baada ya harusi, Somo," akasema.

Mvua imerudi.

Alhamisi, 29 Aprili

Ndoa imesomwa. Nimetandika kitambaa. Kwenye pindo la kanga yangu nimefunga wembe. Sijui kama nitaweza. Mungu wangu, wewe unajua nimejisifu kwa miaka mingapi kwamba sijakudanganya.

Ijumaa, 30 Aprili

Naandika kwa shida, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, lakini naandika.

Nilikaa nyuma ya mlango kwenye mkeka aliousuka Zuena mwenyewe. Uani walikuwapo wanawake wa Jabiri kama ishirini, wamekaa chini ya turubai kwa sababu ya mvua, na Chausiku amekaa peke yake kwenye kinu kilichopinduliwa. Walimwachia nafasi pande zote. Watu wa Temeke hawasahau. Nilisikia mmoja akisema mwana wa nyoka ni nyoka, akaambiwa anyamaze, na aliyemnyamazisha alikuwa anacheka.

Adhana ilipokwisha Bakari akatoka. Ni kijana wa bandarini, mabega mapana, lakini alisimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwuliza mke wake hajambo. Akasema hajambo. Kisha hakuondoka.

Nikamwuliza kama ameona kosa kwa mkewe.

"Sijui, Bibi," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyatamani kwa maisha yangu yote ya ukungwi, watu waniambie mimi ndiye ninayejua. Nikamwambia aende akaoge akaswali. Na kwamba mambo ya kitandani hayasomwi na mwanamume gizani, husomwa na kungwi mchana. Akaonekana amepata nafuu. Akaenda.

Zuena alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Alikuwa anatabasamu kidogo. Hakuwa na hofu wala maumivu. Aliniambia Bakari amemwimbia. Nikamwambia asimame. Akasimama, nikatazama.

Kitambaa kilikuwa cheupe. Na pindo la buluu kuzunguka.

Alinitazama nikitazama, na tabasamu lake likaanza kuondoka kidogo kidogo. Alikuwa hajui amekosa nini lakini aliona usoni kwangu kwamba amekosa. Akasema, "Somo?" Nilikuwa nimeshausikia mwito huo ndani ya chumba kama hiki, kwa sauti kama hii. Nikasubiri aseme wallahi. Nilijua akilisema nitaanguka.

Nikamwambia ageukie ukutani avae. Akageuka. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa wembe, nikajikata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa ndani, mkato mrefu. Damu ya mtu mzee haina haraka. Ilibidi nikikamue. Nilikuwa nalia na kukikamua kidole kama mtu anayekamua nazi, na kitambaa kikapata alama, si kubwa, ya kutosha. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwenye kazi hii na haukunichukua hata muda wa kusoma Alhamdu.

Nikafunga kidole kwa kipande cha kanga. Nikatoka uani nikakishika kisarawanda kwa mikono miwili, nikakiinua.

Vigelegele vilivyopigwa sijapata kuvisikia. Hakuna aliyesogea kuangalia kwa karibu. Hakuna aliyeuliza. Alikuwa ni Mwanaheri ameinua, na Mwanaheri hasemi uongo. Yule aliyesema mwana wa nyoka ndiye alikuwa wa kwanza kumbeba Chausiku. Walimbeba juujuu, wanamzungusha uani kwenye matope, wanaimba, na yeye hakuwa analia wala kucheka. Kila walipogeuka naye alikuwa ananitazama mimi mkononi.

Jumamosi, 1 Mei

Kidole kimevimba. Nimetia iodini ya Eufrazia.

Jumatatu, 3 Mei

Chausiku ameondoka leo. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Niliyarudia usiku na mchana, hata kwenye sala yaliniingilia. Nilipomwona amejitwika mzigo wake nikamwita barazani, nikayasema yote: kwamba nilikosea, kwamba wapo wanawake walioumbwa hivyo, kwamba aliniambia kweli na mimi nikaichukua nguo badala yake. Nikamwomba radhi kwa jina lake na la mama yake.

Akateremsha mzigo, akakaa. Akasema ya kuumbwa hivyo alikuwa anayajua. Mama yake alimwambia kabla hajafa, mwaka ule wa homa. Huyo mama yake mwenyewe kitambaa chake kilikuwa cheupe siku yake, na kungwi wake alikuwa Bi Mwajabu. Kwa hiyo mama yake siku ile alikaa uani katikati ya wanawake, anaijua kweli yote, na hakuweza kusema, maana angesema ingebidi aeleze amejuaje. Ndiyo homa iliyomwua.

Nikamwuliza kwa nini basi alinitaka mimi.

"Nilijua Zuena atatoka kama sie," akasema. "Nikataka mtu ambaye akisema, hapana wa kumwuliza. Hayupo mwingine Temeke nzima. Na mie ndiye niliyekufanya uaminiwe."

Nikasema, na kama ningekiinua cheupe? Akasema angekuwa amekaa pale pale kwenye kinu, na safari hii asingenyamaza.

Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto. Nilidhani anaagana. Akafungua kitambaa polepole, akatazama kidonda, akakifunga tena vizuri kuliko nilivyokifunga mimi. Halafu akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, mkono huu na mkono huu, kama unavyomhesabia mtoto.

"Siku yangu mie pia ulikuwa navyo kumi, Somo," akasema.

Akajitwika mzigo wake. Alikwenda hakugeuka, na mimi nilikaa barazani mpaka mvua iliponifukuza ndani.

Jumatano, 5 Mei

Watu wamefunga. Masika yanaelekea kuisha, asubuhi jua limetoka.

Wanawake wawili wamekuja kutoka Mtoni. Wana bi harusi, baada ya Idi, na watu wa mume wamesema hawamtaki kungwi mwingine, wanamtaka yule asiyesema uongo. Nilitaka kukataa. Nikamfikiria huyo msichana akiwa mikononi mwa kungwi mwingine, mkweli, nikakubali.

Alasiri nimetembea mpaka Mbagala, ambako kideri hakikufika. Nimerudi na vifaranga sita ndani ya kikapu.